Uso wa Seneta kwenye Sare ya Kwaya

Cibalonza, ambaye watu wa mtaa wa Morse Road, mjini Columbus, wanamwita Mama Aganze kwa jina la mtoto wake wa kwanza wa kiume, hakuwahi kuomba ruhusa ya kusema. Alisoma mpaka darasa la sita kule Walungu, Kongo, akaolewa, akakimbia vita, akakaa miaka tisa kambini Uganda, na kote huko mdomo wake ndio uliotangulia kufika. Mume wake, Mushagalusa, mtu mpole anayeinua mizigo kwa mashine ghalani, husema alioa mtu mmoja na redio moja, na redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia.

Marekani iliwapokea kwa mlango wa Buffalo, katikati ya Januari. Wiki ya kwanza bomba la nyumba yao liliganda. Mama Aganze hakuwa na neno hata moja la Kiingereza, lakini alimwendea mwenye nyumba, akamshika mkono wa koti, akampeleka hadi kwenye sinki, akasimama hapo mikono yote miwili kiunoni mpaka fundi alipokuja. Baada ya miaka minne mdogo wake Jules alimwita Louisville, penye kazi. Kilikuwa kiwanda huko Jeffersontown, cha mapazia na vitambaa vya hoteli. Hapo akajifunza kushona mstari mnyoofu kwa mwendo wa pikipiki. Msimamizi alipenda mshono wake na kuogopa mdomo wake, ikawa sawa, kazi ikaenda. Kisha Mushagalusa akapata kazi bora Columbus, wakahamia Northland, kwenye maghorofa yaliyo nyuma ya maduka ya Waafrika. Mchana alitunza wazee, jioni alishonea watu nguo.

Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyepungua mezani. Séphora, binti yao mkubwa, alibaki kambini. Siku ya mahojiano ya mwisho alikuwa amelazwa na malaria, faili lake likatengwa na la wazazi, na tangu hapo likawa linazunguka toka meza hii hadi meza ile. Miaka saba. Kila ofisi ilimwambia mama yake asubiri, kana kwamba kusubiri ni kazi asiyoijua. Ndipo Germana, Mtanzania mwuguzi anayeimba naye kwaya, alipomwambia kwamba seneta ana ofisi hapa mjini, na kwamba ofisi ya seneta huandika barua kuulizia faili la mtu.

Mama Aganze hakujua seneta ni mnyama gani. Alikwenda na mfuko wake wa plastiki uliojaa karatasi, akakaa kwenye kiti mpaka akasikilizwa. Barua ikaandikwa. Ikaandikwa ya pili, na ya tatu. Baada ya miezi kumi na mmoja Séphora alishuka kwenye ndege akiwa na mkoba mmoja wa mgongoni. Leo anakaa Kenmore, jirani na Buffalo, kwa shangazi yake, anasomea uuguzi, na mama yake akimpigia simu kwa Kiswahili yeye anajibu kwa Kiingereza. Mama Aganze hugombana naye juu ya hilo kila wiki, kwa furaha kubwa.

Basi seneta huyo, Brandau, alipogombea tena kiti chake, Mama Aganze alikuwa amekwisha kula kiapo cha uraia, na hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Tatizo ni kwamba jimbo lilikuwa limemgeuka mzee wa watu. Miaka sita nyuma alipita kwa shida. Safari hii ukitoka nje ya mji kidogo, mabango ya mpinzani yalikuwa yamesimama kwenye majani kama mahindi. Kwenye televisheni walisema kila jioni kwamba yuko nyuma, na walisema kwa sauti ile ya mtu anayesoma hali ya hewa. Jules alipiga simu kutoka Louisville kumwambia dada yake aachane na maiti. Akamweleza kwamba jimbo likishaamua rangi yake, yaani chama chake, hata ungemsimamisha malaika hangepita. Mama Aganze akamuuliza kama yeye amepiga kura hata mara moja tangu awe raia. Jules akasema kuna kelele kwenye laini, hasikii vizuri.

Ofisi ya kampeni ya upande ule wa mji iliongozwa na Darlene, mwalimu mstaafu, Mmarekani, mwenye magoti mabovu na roho nzuri. Darlene alimpa kila mtu orodha ya milango kwenye simu: gonga hapa, usigonge pale. Mama Aganze aliitazama orodha mara moja, akaizima. Alijua majengo yale kwa pua. Mlango unaonuka sombe, kisamvu cha kwao, gonga. Mlango wenye viatu saba nje, gonga na uingie. Aliingia na habari za msiba wa nani na harusi ya nani, akala alichopewa, na kabla hajatoka alikuwa amekwisha kuuliza: wewe ni raia au bado? Aliye na kadi ya kijani tu, ya ukaazi, alimkataza kabisa kusogelea fomu ya kujiandikisha. Kule Kongo kadi ya mpiga kura ndicho kitambulisho cha mtu, kila mmoja anaitaka, na alijua wapo ambao wangesaini fomu ya hapa wakidhani wanapata kitambulisho, kumbe wanajichimbia shimo la kufukuzwa nchini. Kwa hao alikuwa mkali kama pilipili. Kwa waliokula kiapo alikuwa mkali zaidi.

Mwezi wa kumi ulipoanza alisimama ofisini akatangaza hesabu yake. Kwaya ya kina mama ina watu arobaini na wawili, raia ni thelathini na mmoja, na wote thelathini na mmoja watapiga kura. Darlene akaandika thelathini na moja ubaoni. Halafu, akidhani hakuna anayemwona, akaandika chini yake kwa herufi ndogo: kumi na mbili.

Mama Aganze akamuuliza ile kumi na mbili ni ya nini. Darlene akawa mwekundu. Akaeleza taratibu kwamba amefanya kazi hii miaka mingi, kwamba watu huahidi kwa moyo wote halafu mtoto anaumwa, gari linagoma, zamu inabadilishwa. Si ubaya, alisema, ndivyo ilivyo kwa watu wasiozoea. Mama Aganze alichukua mkoba wake, akatoka. Waliomjua wangeogopa.

Kupiga kura Jumanne yenyewe hawakuweza, hilo alilijua. Wengi wao walikuwa kwenye maghala, msimu wa vifurushi vya sikukuu, zamu za urefu wa saa kumi, na ruhusa hakuna. Jumamosi vilevile. Ilibaki Jumapili moja, ile ya mwisho kabla ya uchaguzi, ambapo ofisi ya uchaguzi ya Morse Road ilifunguliwa saa saba mchana na kufungwa saa kumi na moja jioni kwa wanaotaka kupiga kura mapema. Watatoka kanisani, watapanda basi dogo la kanisa, watapiga, watarudi. Nje ya hapo hakuna siku nyingine.

Na kwa kuwa ni siku kubwa, alitaka waende wamevaa.

Hapa lazima mtu aelewe kwamba kwa wanawake wa Bukavu na vijiji vyake jambo kubwa lina sare yake. Askofu akija, sare yenye uso wa askofu. Padri akipewa daraja, sare yenye uso wa padri. Hakuna anayeona hapo siasa, ni heshima tu, ni namna ya kumwambia mtu kwamba tumekuona. Darlene alikuwa amewaonya kwenye mafunzo wasiende kwenye kura na kofia za kampeni, wala beji, wala fulana. Mama Aganze alisikia vizuri sana: kofia, beji, fulana. Gauni la kwaya halikutajwa.

Jules, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyeomba ruhusa kwa bosi wake pale Jeffersontown na kuchapisha kitambaa. Rangi ya samawati, na ndani ya kila duara uso wa Seneta Brandau akitabasamu. Mama Aganze alishona magauni thelathini na moja kwa majuma matatu, marefu hadi kifundo cha mguu, na vilemba vyake. Hakumwambia Darlene, ilikuwa zawadi ya kushtukiza. Kwa bahati ya mkato, uso mmoja mkubwa uliangukia kifuani na mwingine ukaangukia makalioni. Mama Nshombo, mkubwa wao kwa umri, mwanamke wa miaka sabini na mmoja na mwenye mwili wake, alipoketi kwenye benchi la kanisa mtu wa nyuma alisema seneta sasa anaomba hewa.

Jumapili hiyo mhubiri aliongeza dakika arobaini, kama kawaida ya wahubiri wakijua watu wana haraka. Jua lilikuwa limetoka, joto la ajabu kwa mwezi wa kumi na moja, na kina mama wakaacha makoti yao kanisani ili sare ionekane. Mushagalusa alifanya safari tatu na basi. Saa kumi kasorobo walikuwa wote kwenye uwanja wa magari wa ofisi ya uchaguzi, thelathini na mmoja, samawati tupu, nyuso kubwa sitini na mbili za seneta bila kuhesabu ndogo na za vilemba. Watu kwenye foleni walitoa simu kupiga picha. Mama Aganze alitembea mbele kama anaongoza maandamano ya Machi nane, Siku ya Wanawake.

Walipofika kwenye vibendera viwili vidogo vilivyochomekwa chini, mzee mmoja Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa uchaguzi mwenye kizibao cha njano, aliinua mkono. Alizungumza kwa upole, muda mrefu. Germana alisikiliza, uso ukambadilika.

"Mama Aganze, huyu baba hana ubaya," alisema. "Anasema kisheria haturuhusiwi kuvuka bendera hizi tukiwa na sura ya mgombea mwilini. Tuifunike au tubadilishe. Hata yule kaka pale amevuliwa kofia."

Kweli, kwenye foleni kulikuwa na mwanamume mwenye ndevu, kofia ya mpinzani ikichungulia kwenye mfuko wa suruali. Aliwatazama, akacheka, akainua mabega kama mtu anayesema hata mimi yamenikuta.

Mama Aganze alisimama pale akapiga hesabu. Kurudi nyumbani kubadilisha haikuwezekana. Wengine walikaa mbali, mwendo wa nusu saa kwa gari, na basi ni moja. Makoti yako kanisani, na hata yangekuwepo yangeishia kiunoni, magotini seneta angeendelea kutabasamu. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Nyuma yake alisikia kina mama wameanza kunung'unika. Mmoja akasema turudi tu. Mwingine akasema Mama Aganze ametuvalisha aibu. Na yeye aliiona ile kumi na mbili ya Darlene ubaoni, ikawa sifuri.

Alilishika pindo la gauni lake, akalipindua. Ndani kitambaa kilikuwa cheupe. Mashine ya Jeffersontown huchapisha upande mmoja.

"Bon," alisema. "Tunageuza. Ndani inakuja nje. Basi linaingia watu kumi, Mushagalusa anashuka na anaangalia kule kwenye barabara, asigeuke. Haya."

Hakuna aliyesogea. Kutembea mbele ya umati mishono ikiwa nje, nyuzi na zipu zikionekana, kama mtu aliyevaa gizani? Mwanamke wa Kishi, kabila la wengi wao, aliyesuka nywele na kupaka mafuta kwa ajili ya siku hii? Mama Aganze hakubishana nao. Alipanda kwenye basi peke yake, akafunga mlango, na baada ya dakika mbili akashuka akiwa mweupe kuanzia kilembani hadi miguuni, mishono yote nje. Akatembea uwanja mzima wa magari, akaenda na kurudi, mikono imeachana na mwili.

"Tazameni vizuri," alisema. "Tafuteni uzi unaoning'inia. Miye nashona ndani kama nje, nashonea hata macho ya Mungu. Mwenye haya na nguo yake, alishonewa na mtu mwingine."

Germana alicheka, akapanda. Wakamfuata wengine. Mle ndani ilikuwa vita: zipu zinakwama, viwiko vinapiga madirisha, mtu ametoa kichwa kwenye mkono wa gauni. Kumi wakashuka weupe hadi vilemba, wakakimbia kwenye foleni. Yule mzee wa kizibao akawatazama juu hadi chini, akainamisha kichwa na kuwapitisha. Kumi wengine. Saa kumi na dakika arobaini na tano walibaki wachache, kisha wakabaki wawili: Mama Aganze, aliyekuwa anavuta zipu za watu, na Mama Nshombo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha basi, amegeuza kilemba tu, mikono juu ya mkoba, hatazami mtu.

Mama Aganze alimhimiza. Akamwambia wakati unakwisha. Akamtania kidogo, kwamba seneta amechoka kukaliwa. Mama Nshombo hakucheka.

"Mama Aganze," alisema, "miye walishaniamuru kuvua nguo mara moja. Kwenye njia ya Bunyakiri, wakati wa vita. Niliapa sivui tena kwa kuamriwa na mtu, hata awe mzuri kama wewe. Wende upige kura. Miye nitawangojea hapa."

Mama Aganze alikuwa amemjua mwanamke huyu miaka sita. Waliimba sauti moja, walipika kwenye misiba sufuria moja, na hakuwahi kulisikia hilo. Hakuuliza kitu. Aliketi kando yake.

"Basi hauvui," alisema. "Nani alisema unavua? Wewe tunakufunika."

Alivua kilemba chake. Chini yake nywele hazikuwa zimesukwa, alikuwa ameshona usiku na mchana hakupata siku ya nywele, na kilemba kilikuwa kimemfichia siri. Akakikunjua, upande mweupe ukiwa nje, akakifunga kiunoni kwa Mama Nshombo. Hakikuzunguka. Akashuka akakimbilia foleni, nywele zikiwa zimesimama kila upande, akawaomba vilemba watatu waliokuwa mwisho. Hawakuuliza vya nini. Waliona uso wake wakavitoa. Akaviunganisha kwa mafundo, viwili vikawa kanga ya chini, kimoja akamfungia kifuani kama mtu anayebeba mtoto mbele, na kile chake akakitandaza nyuma, pale seneta alipokuwa anaomba hewa. Alirudi nyuma hatua moja, akakagua kama anavyokagua nguo ya bibi harusi, akavuta pembe moja. Samawati haikuonekana popote.

"Unaweza kutembea?"

"Nilitembea mpaka Uganda," alisema Mama Nshombo, akashuka.

Walivuka vibendera pamoja, polepole, kwa sababu ya mafundo. Mama Aganze alimtanguliza, yeye akasimama mwisho kabisa. Aliwahesabu weupe mbele yake kwa kidole, kama kuku: thelathini, na yeye. Haijapita dakika tatu yule mzee wa kizibao alitazama saa, akaja akasimama nyuma ya mgongo wake, akatangaza kwa sauti jambo ambalo Germana alilipitisha nyuma mdomo kwa mdomo: saa kumi na moja imefika, wote walio mbele yangu watapiga kura, hata ikichukua hadi usiku.

Yule mwenye ndevu alikuwa anatoka. Akaivaa kofia yake baada ya bendera, akawapungia mkono. Mama Aganze alimpungia pia. Alimwambia Germana kwamba kura ya kaka huyo ataifuta kwa ya kwake mwenyewe, na bado wanabaki thelathini.

Ndani alionyesha leseni yake, akasaini, akasimama mbele ya mashine. Alilisoma jina la Brandau mara mbili kabla ya kuligusa. Kando yake Mama Nshombo alimaliza kwanza. Alitoka amejifunga vile vilemba vinne, na hakukubali vifunguliwe mpaka alipofika nyumbani kwake.

Jumatatu Mama Aganze aliingia ofisini kwa Darlene, nywele zikiwa zimesukwa, akachukua kitambaa cha ubao na kuifuta ile kumi na mbili. Darlene alipotajiwa magauni alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaomba kuliona moja. Alicheka mpaka magoti yakamuuma. Akauliza kama kuna lingine la saizi yake.

Brandau alirudi kwenye kiti chake kwa tofauti ya kura elfu tisa na kidogo, katika jimbo la mamilioni, na watu wa televisheni waliokuwa wamemzika wakaanza kueleza kwa nini walijua siku zote. Séphora alipiga simu kutoka Kenmore, akapongeza kwa Kiswahili, neno moja baada ya jingine, kama anatembea kwenye barafu. Jules naye alipiga. Alikuwa na hesabu yake tayari: hata kura zote za kwaya zingetolewa, mzee angeshinda tu, thelathini na moja si kitu katika elfu tisa.

Mama Aganze alimwacha amalize.

"Vizuri. Toa hizo zangu," alisema. "Halafu endelea kutoa za kila mtu aliyeambiwa na mdogo wake kwamba zake si kitu. Ukimaliza, unipigie uniambie amebaki na ngapi."

Jules alisema zamu yake inaanza, itabidi akate.

"Kata," alimwambia. "Lakini ukapige kura na wewe."